Kanzidata 'ikikata' majina: Kwa nini Kaskazini Pemba na Kaskazini Unguja huonekana kitu kimoja kwenye skrini

Chake Chake. Skrini ina mstari mmoja mtupu, halafu unakuja "Kituo cha", halafu "Kituo cha" tena, na tena, mpaka chini. Pembeni yake ipo kolamu ya mkoa, nayo inasema "Kaskazini", "Kaskazini", "Kaskazini". Kaskazini ipi sasa, Pemba au Unguja? Skrini haijibu.

Anayekutana na hali hii kwa mara ya kwanza hudhani moja kati ya mawili: aliyeingiza taarifa alikuwa mvivu, au kanzidata imeharibika. Mara nyingi si hili wala lile. Majina yapo yote, herufi kwa herufi, ndani ya kanzidata. Kilichokatwa ni onesho tu, na aliyekata ni ile programu ya kuandikia amri inayosimama kati ya mtu na kanzidata.

Tatizo linakuwa kubwa pale mtu anapoyaamini macho yake. Anaona mistari kumi inayofanana, anasema "hii imejirudia", anaandika DELETE. Kwenye SQLite, PostgreSQL na MySQL, kama hukuanza na BEGIN, amri hiyo inapita pale pale na hakuna kurudi nyuma. Oracle husubiri kidogo, lakini ukitoka kwenye SQL*Plus kwa EXIT ya kawaida, nayo huhifadhi kila ulichofanya. Kwa hiyo kituo cha afya, mkulima wa karafuu au mtoto anayesubiri chanjo anaweza kutoweka kwenye orodha kwa sababu tu kolamu ilikuwa nyembamba.

Kwa nini visiwani inauma zaidi

Programu hizi hukata upande wa kulia. Kwa Kiswahili, upande wa kulia ndiko kwenye habari.

Angalia majina ya mikoa. "Kaskazini" ina herufi tisa, na ukiongeza nafasi moja unapata kumi. Kolamu ya herufi kumi ikionesha "Kaskazini Pemba" na "Kaskazini Unguja", visiwa viwili vilivyotenganishwa na bahari vinakuwa neno moja. Ukishuka kwenye shehia ni yale yale. Mtambwe Kaskazini na Mtambwe Kusini, zote za Wilaya ya Wete, zinafanana kwa herufi tisa za mwanzo. Tumbe Magharibi na Tumbe Mashariki kule Micheweni zinafanana kwa nane. Kiuyu Mbuyuni na Kiuyu Minungwini kwa saba. Vituo vya afya na skuli ndio kabisa: "Kituo cha Afya" peke yake ni herufi 14 kabla hujafika kwenye jina lenyewe.

Majina ya watu pia. Mpemba hana jina la ukoo la kuandika mwanzo. Ana jina lake, la baba na la babu. Wakina Mwanakhamis ni wengi, na Mwanakhamis binti Faki nao si wachache. Anayewatenganisha ni babu, naye amekaa mwisho kabisa, ndiye wa kwanza kukatwa. Mtoto mchanga ambaye bado hajapewa jina akiandikwa "Mtoto wa Mwanakhamis", herufi tisa za mwanzo ni za kila mtoto aliyezaliwa wiki hiyo.

Si jambo la kubuni kwamba Pemba ina orodha ndefu za namna hiyo. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyopo Wawi tangu mwaka 2000, imeshafanya tafiti zenye watu wengi mno. Ule wa dawa ya kusafishia kitovu cha mtoto mchanga, uliochapishwa mwaka 2016, ulihusisha zaidi ya watoto 36,000. Kwenye tafiti za ukubwa huo kila mshiriki hupewa namba yake, na hapa unaona moja ya sababu. Namba haina babu wa kukatwa.

Kwanza pima, usiguse kitu

Kabla ya kubadilisha chochote, iulize kanzidata yenyewe jina lina urefu gani. Kwenye mifano ya hapa chini jedwali linaitwa vituo na kolamu inaitwa jina. Badilisha kwa ya kwako.

SELECT jina, length(jina) FROM vituo;

Skrini ikionesha herufi kumi lakini namba pembeni ikasema 27, tulia. Data ipo, onesho ndilo limekatwa. Namba nayo ikisema 10, hapo jina limekatwa tangu lilipoingia, na hakuna amri ya skrini itakayolirudisha.

Kwenye MySQL tumia CHAR_LENGTH, kwa sababu LENGTH ya kule huhesabu baiti na si herufi. Kwenye SQL Server ni LEN.

Kipo kipimo kingine ambacho watu wachache hukitumia, na pengine ndicho bora kuliko vyote:

SELECT length(jina), count(*) FROM vituo GROUP BY length(jina) ORDER BY 1 DESC;

Majina ya kweli hupungua pole pole kuelekea kwenye marefu: moja lina herufi 34, mawili yana 31, matano yana 29. Lakini ukikuta majina 140 yenye herufi 20 kamili na hakuna hata moja la 21, huo ni ukuta. Kuna mtu aliweka kikomo cha herufi 20, na kila aliyezidi alikatwa shingo.

SQLite: mstari wa kwanza ndio unaoamua

SQLite ndiyo kanzidata iliyoenea kuliko zote duniani, ingawa wengi hawajui kama wanaitumia. Ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, na leo ipo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Programu nyingi za kukusanyia taarifa vijijini huweka fomu kwenye SQLite ndani ya simu mpaka mtandao upatikane.

Programu yake ya kuandikia amri, sqlite3, ina mtindo wa kolamu unaowashwa kwa .mode column. Kwenye matoleo ya zamani mtindo huu una tabia ya ajabu. Upana wa kolamu haupimwi kwa jina refu kuliko yote. Unapimwa kwa kichwa cha kolamu na mstari wa kwanza tu, na haushuki chini ya herufi kumi. Yote yanayofuata hukatwa kwa kipimo hicho.

Sasa ule mstari mtupu wa juu unaeleweka. SQLite ikipanga majina kwa mfuatano, thamani tupu hutangulia. Kituo kimoja ambacho hakikujazwa jina wala mkoa kinakaa juu, kolamu inabaki na herufi kumi, na Pemba nzima inageuka "Kituo cha". Panga kinyume, kwa ORDER BY jina DESC, na huenda majina yakarudi yote kama hakuna kilichotokea. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kufungua faili moja, mmoja akaona majina kamili na mwingine akaona vipande, wakabishana mpaka adhuhuri.

Tabia hii iliondolewa kwenye toleo 3.33.0 la Agosti 2020, ambapo kolamu hujitanua zenyewe. Lakini Ubuntu 20.04, ambayo ipo kwenye seva na kompyuta nyingi, ilikuja na 3.31.1. Kwa hiyo anza kwa kuangalia:

sqlite3 --version

Kama ni la zamani na huwezi kulibadilisha, taja upana mwenyewe. Amri .width 40 20 huipa kolamu ya kwanza herufi 40 na ya pili 20. Au achana na kolamu kabisa, andika .mode line, kila kolamu ikae kwenye mstari wake. Si pazuri kwa macho lakini hapakatwi kitu. Kwenye matoleo mapya jaribu .mode box, inachora jedwali lenye mipaka.

Jambo moja la kuifurahia SQLite: hata ukiandika VARCHAR(20) wakati wa kutengeneza jedwali, yenyewe haijali. Jina la herufi 60 litaingia lote. Kwa hiyo ukikuta "ukuta" ndani ya SQLite, mkataji ni fomu au programu iliyoleta data, si kanzidata.

PostgreSQL: haijakata, ni peja

Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara ya Afya ya Zanzibar, unakaa juu ya PostgreSQL. Fundi anayeingia ndani yake hutumia psql.

Tofauti na SQLite ya zamani, psql haikati majina. Ukiona yamekatwa, mshuku yule anayegawa majibu kurasa kurasa, ambaye wenyewe humwita peja. Kazi yake ni kusimamisha majibu marefu ili usipitwe. Kwenye Linux mara nyingi ni programu iitwayo less, na ikiwa imewekewa -S hukata kila mstari kwenye ukingo wa skrini. Bonyeza mshale wa kulia na utaona sehemu iliyobaki. Kutoka ni herufi q. Wapo waliofunga dirisha zima kwa kutojua hiyo q, na si wajinga.

Peja huleta mkanganyiko mwingine: mtu anaona mistari 40, anadhani ndiyo yote, kumbe bado kurasa tisa. Kumzima:

\pset pager off

Na kwa jedwali lenye kolamu nyingi, hii ndiyo dawa yenyewe:

\x auto

Jibu likitosha kwenye skrini, linabaki kuwa jedwali. Lisipotosha, kila kolamu inashuka kwenye mstari wake. Ukiipenda iandike kwenye faili la .psqlrc nyumbani kwako, usiihangaikie tena.

Ukiona alama ya + mwishoni mwa jina, usidhani nayo ni dalili ya kukatwa. Maana yake ni kwamba ndani ya jina hilo kuna Enter: mtu aliibonyeza akiwa anajaza fomu, na sehemu iliyobaki ipo mstari wa chini.

Mahali PostgreSQL inapokata kweli ni pale unapoilazimisha. Ukijaribu kuingiza jina la herufi 30 kwenye varchar(20) inakataa na kukupa kosa, na hilo ni jema. Lakini ukiandika jina::varchar(20) ndani ya swali lako, inakata kimya kimya, kwa sababu umeomba mwenyewe. Majina ya majedwali na kolamu nayo yana kikomo cha baiti 63. Yakizidi yanakatwa, na unapewa taarifa ndogo ambayo hakuna anayeisoma.

Na DHIS2 yenyewe? Kila kituo humo kina jina refu na jina fupi, na jina fupi halizidi herufi 50. Ripoti iliyotengenezwa kwa jina fupi ikionesha vituo viwili vinavyofanana, chukua jina refu kabla ya kupiga simu wilayani.

MySQL na mama wa 79

MySQL na ndugu yake MariaDB, nazo hazikati kolamu kwenye skrini. Jedwali likiwa pana mistari inajikunja na kuwa vurugu, basi. Maliza swali kwa \G badala ya nukta mkato, kila kolamu itakaa mstari wake.

Hatari ya MySQL ipo ndani ya swali lenyewe. Kuna kazi iitwayo GROUP_CONCAT, inayochukua thamani nyingi na kuziunganisha kuwa mstari mmoja wenye mikato. Watu wanaipenda kwa kutengeneza orodha ya namba za kutumia SMS. Kwa kawaida kikomo chake kwenye MySQL ni 1,024.

Piga hesabu. Namba ya Tanzania ikianza na 255 ina tarakimu 12, na mkato mmoja inakuwa 13. Namba 78 zinakula 1,014. Zinabaki nafasi kumi. Namba ya 79 inaingia ikiwa na tarakimu kumi tu, na kuanzia ya 80 hakuna kinachoingia kabisa. Kama orodha ilikuwa ya kina mama 200 wa kukumbushwa kliniki, 78 watapata ujumbe, wa 79 ataonekana ana "namba mbovu", na 121 waliobaki hawatajulikana hata kama waliwahi kuwepo. Onyo ni dogo tu chini ya jibu: "1 warning". Liulize kwa SHOW WARNINGS na litakiri kwamba mstari umekatwa na GROUP_CONCAT.

Dawa ni kutanua kikomo kabla ya swali:

SET SESSION group_concat_max_len = 1000000;

MariaDB ilikipandisha hadi takriban milioni moja kuanzia toleo 10.2.4. Ndiyo maana swali lile lile linaweza kutoa majibu mawili kwenye kompyuta mbili.

Kikomo kingine hukata mistari, si majina. Ukiingia MySQL kwa kutumia --safe-updates, majibu ya SELECT hukoma kwenye mistari 1,000. Wanaotumia phpMyAdmin nao wajue kwamba maandishi marefu pale huoneshwa kwa vipande mpaka ubonyeze kuyataka yote.

Halafu lipo suala la kuhifadhi. MySQL za zamani, kabla ya 5.7 ya mwaka 2015, kwa mipangilio ya kawaida zilikubali jina refu, zikalikata, zikatoa onyo na kuendelea. Kwenye VARCHAR(20), Mwanakhamis Faki Hamad na Mwanakhamis Faki Hamis wote wawili wanahifadhiwa kama "Mwanakhamis Faki Ham". Hapo urefu utasema 20, na ukweli umebaki kwenye daftari la karatasi, kama lipo. Kanzidata za umri huo bado zinahamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na ukuta wake unahama nazo.

Oracle na SQL Server kwa ufupi

SQL*Plus ya Oracle huja na mipangilio ya enzi za skrini ndogo: mstari una herufi 80, ukurasa una mistari 14, na maandishi marefu ya aina ya CLOB huoneshwa herufi 80 za mwanzo tu. Ukiona maelezo yamekatika katikati ya sentensi, andika hizi mbili kabla ya kuuliza tena:

SET LONG 100000
SET LINESIZE 300

Upande wa SQL Server, sqlcmd huonesha herufi 256 tu za kolamu ndefu kama varchar(max). Iongeze -y 0 unapoiwasha. Pia kuna mtego wa kuandika CAST(jina AS varchar) bila kutaja urefu: SQL Server inachukulia ni herufi 30, na kukata. Na ile kauli yake ya kosa kuhusu data kukatwa, ambayo kwa miaka mingi haikutaja ni kolamu gani, ilianza kutaja jedwali na kolamu kwenye toleo la 2019. Waliowahi kuitafuta kolamu hiyo kwa mkono kwenye jedwali la kolamu 90 wanajua thamani ya badiliko hilo.

Namba ya NIDA haiingii

Namba nazo hukatwa, na kwa njia mbaya zaidi, kwa sababu namba iliyokatwa bado inaonekana kama namba.

Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tarakimu 20, ikianza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwenye SQL*Plus, ambapo upana wa kawaida wa namba ni kumi, itaoneshwa kitu kama 1.9900E+19. Namba ya simu ya tarakimu 12 iliyohifadhiwa kama namba itakuwa 2.5577E+11, na nusu ya wilaya itaonekana ina simu moja. Hapo ni onesho tu. SET NUMWIDTH 25 inamaliza.

Excel ni kesi nyingine. Inatunza tarakimu 15 tu za namba. Faili la CSV likifunguliwa kwa kubofya mara mbili, tarakimu tano za mwisho za NIDA zinageuka sifuri, na ukihifadhi tu, zimekwenda. Ikiwa imeandikwa na vistari katikati inasalimika, kwa kuwa Excel inaiona ni maandishi. Vinginevyo ingiza faili kwa njia ya kuagiza data na uiambie kolamu hiyo ni maandishi.

Na ndani ya kanzidata? Namba kamili kubwa kuliko zote ambayo BIGINT UNSIGNED ya MySQL inaweza kubeba ni 18,446,744,073,709,551,615. Hesabu tarakimu zake: ni 20. Wengi wakiona 20 wanaridhika. Lakini namba ya mtu aliyezaliwa 1990 inaanza na 1990, ambayo imeshaizidi 1844. Aina hiyo ingewafaa watu waliozaliwa mwaka 1844 kurudi nyuma, nao hawajajiandikisha. MySQL isiyo kali itawapa watu wote namba moja ile ile kubwa ya mwisho. NIDA na simu zihifadhiwe kama maandishi. Hakuna mtu atakayezijumlisha.

Maziwa Ng'ombe na swali lisilojibiwa

Wakati mwingine jibu halikatwi, halitokei kabisa. Mtu anatafuta shehia ya Maziwa Ng'ombe, Micheweni, anaandika WHERE shehia = 'Maziwa Ng'ombe' na kubonyeza Enter. Kimya. Anabonyeza tena. Kimya.

Ile alama ya ng' ndiyo iliyofunga maandishi kabla ya wakati, na ya mwisho ikafungua mengine ambayo hayajafungwa. Kanzidata inakusubiri umalize. Tazama mwanzo wa mstari: MySQL itakuwa imebadilika na kuonesha '> na psql itaonesha ' mahali pa = kwenye alama yake ya kawaida. Andika ' na nukta mkato kutoka hapo, kisha rudia kwa kuiandika alama mara mbili:

WHERE shehia = 'Maziwa Ng''ombe'

Simu huongeza tatizo. Baadhi ya kibodi hugeuza alama hiyo kuwa ile iliyopinda, ambayo kwa kanzidata ni herufi nyingine kabisa na kwenye UTF-8 inachukua baiti tatu. Kwa macho ni shehia moja, kwa kanzidata ni mbili. Majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama ya ndugu walioko Oman, nayo hula baiti mbili kwa kila herufi. Kwenye Oracle, ambako VARCHAR2(20) kwa kawaida maana yake ni baiti 20, jina la herufi 15 za Kiarabu halitaingia.

Ukiwa na simu tu

Termux kwenye Android inaweza kuendesha sqlite3, psql na mteja wa MariaDB, na si wachache wanaofanya kazi hivyo wakiwa nje ya ofisi. Simu ikiwa imesimama, upana wake ni herufi hamsini hivi au pungufu. Jedwali la kolamu tano halitakaa. Ilaze simu, punguza maandishi kwa vidole viwili, au tumia onesho la wima: .mode line kwa SQLite, \x on kwa psql, \G kwa MySQL. Na uliza kidogo. Badala ya SELECT *, taja kolamu mbili unazozitaka na weka LIMIT 20, ukikumbuka kwamba hapo uliyekata mistari ni wewe.

Orodha ikiwa ndefu kuliko kumbukumbu ya dirisha, mistari ya juu hupotea hata ukipandisha. Itoe kwenye faili. Kwa psql:

\copy (SELECT jina, shehia FROM vituo) TO 'vituo.csv' CSV HEADER

Kwa SQLite ni .mode csv, kisha .once vituo.csv, kisha swali lako. Faili halina upana wa skrini, kwa hiyo halikati kitu. Halafu linganisha mistari ya faili na jibu la SELECT count(*), ukikumbuka kutoa mmoja wa vichwa kama umeviweka.

Ukikwama na kutaka msaada kwenye kundi la WhatsApp, tuma maandishi ya swali na namba ya toleo la programu badala ya picha ya skrini. Picha nayo hukata. Majina ya wagonjwa, namba za simu na za NIDA yaondoe kwanza, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Urefu wa jina unatosha kueleza tatizo: "skrini inaonesha 10, length inasema 27, sqlite3 ni 3.31.1". Anayejua atakujibu kwa mstari mmoja.